Avushwe, Asivushwe

Hapa kwetu Mnyuzi reli ya kwenda Ruvu ilifunguliwa 1963, ikaunganisha njia ya Tanga na Reli ya Kati. Mwaka uliofuata zikaungana nchi, Tanganyika na Zanzibar. Mahakama zikabaki mbalimbali.

Mwaka 1969 Kassim Hanga na Othman Shariff walitolewa bara, wakapelekwa Visiwani, wakauawa. Karume alipouawa 1972, Abdulrahman Babu akawekwa kizuizini bara. Mahakama ya Zanzibar ikamhukumu kifo 1974 bila yeye kuwepo. Safari hii Nyerere akagoma kumtoa. Babu aliachiwa 1978, akaishi hadi 1996.

Ndugu msomaji, wote walikuwa bara. Kilichowatofautisha ni neno la mkubwa: avushwe, asivushwe. Adhabu ya kifo bado imo katika sheria zetu. Sasa ile ilikuwa haki, au bahati tu?