Alisema moyo, sisi tukasikia tumbo

Kuna siku mama yangu mkubwa aliamka akasema moyo unamchafuka. Kila Mswahili anajua maana yake: kichefuchefu. Akaongeza kuwa chembe cha moyo kinamuuma na mwili umechoka kama wa mtu aliyetoka kulima, wakati wiki nzima hakushika jembe. Zahanati ya jirani wakampa dawa za vidonda vya tumbo. Mimi, mwandishi wa habari ninayejidai kujua kila kitu, nikamshauri anywe chai ya tangawizi. Usiku wa pili jasho la baridi likamtoka, tukakimbilia hospitali, na kipimo cha umeme wa moyo kikasema ukweli. Ulikuwa mshtuko wa moyo. Yuko hai, namshukuru Mungu, ila kupanda ngazi sasa hawezi.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza: hivi kwa nini hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria moyo, wakati mgonjwa mwenyewe alilitaja neno hilo mara mbili? Nikaanza kusoma. Nikagundua kuwa ile picha tuliyo nayo kichwani, ya baba mwenye tai anayejishika kifua na kuanguka chini kama kwenye sinema, ina historia yake. Ilichorwa mbali na zamani, na waliokuwa wakitazamwa wakati inachorwa walikuwa wanaume.

Tuanzie London. Mwaka 1768 daktari William Heberden aliwaeleza madaktari wenzake ugonjwa wa kubanwa kifua unaompata mtu akitembea, hasa akipanda mlima baada ya kula. Ndiye aliyeupa jina la anjina. Katika kitabu chake kilichotoka 1802, mwaka mmoja baada ya kufa kwake, alisema alikuwa ameona wagonjwa karibu 100 wa namna hiyo. Unajua wanawake walikuwa wangapi? Watatu.

Ni kweli kwamba kwa wastani ugonjwa huu humfikia mwanamke miaka kama 10 baadaye kuliko mwanamume, mara nyingi baada ya kukoma hedhi. Lakini kuchelewa si kutofika. Karne moja baada ya Heberden, William Osler, mzaliwa wa Canada na mwalimu maarufu wa udaktari, alimchora mgonjwa wa anjina kuwa ni mwanamume mwenye nguvu, mchapakazi anayekimbizana na mafanikio. Mwanamke aliyelalamikia kifua alikuwa rahisi kutupwa kwenye fungu la "anjina bandia", yaani eti ni wasiwasi na mishipa ya fahamu tu.

Halafu kuna James Herrick wa Chicago. Mwaka 1912 alionyesha kuwa damu ikiganda na kuziba mshipa unaolisha moyo, mtu si lazima afe papo hapo, na kwamba daktari anaweza kuutambua ugonjwa huo mgonjwa akiwa bado hai. Mgonjwa wake wa kwanza katika maelezo hayo alikuwa mwanamume wa miaka 55. Alishikwa na maumivu saa moja baada ya kula, moyo ukamchafuka, akadhani ni chakula kimemkataa, akajitapisha. Siku mbili hivi baadaye alifariki. Kwa hiyo habari ya mshtuko wa moyo unaojifanya tumbo iko vitabuni tangu 1912, tena kwa mwanamume! Tatizo ni kwamba picha ya sinema ilikuwa na nguvu kuliko vitabu.

Sasa sikia hii. Mwaka 1964 huko Portland, jimbo la Oregon nchini Marekani, uliitishwa mkutano mkubwa wa wanawake kuhusu ugonjwa wa moyo. Ulipewa jina linalomaanisha "Mioyo na Waume". Walienda kufundishwa namna ya kutunza mioyo ya waume zao. Mioyo yao wenyewe haikuwa kwenye ajenda.

Na hapo tayari kulikuwa na ushahidi. Tangu 1948 watafiti walikuwa wakifuatilia afya za watu 5,209 katika mji wa Framingham, Massachusetts, na zaidi ya nusu yao walikuwa wanawake. Lakini tafiti kubwa zilizofuata ziliwaacha nje. Ule uliotoa matokeo mwaka 1982 kuhusu kupunguza hatari za moyo ulikuwa na watu 12,866, wote wanaume. Ule wa aspirini, uliotoa matokeo mwishoni mwa miaka ya 1980, ulikuwa na madaktari 22,071, nao wote wanaume. Mwaka 1977 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikuwa imeelekeza kuwa wanawake wanaoweza kuzaa wasiingizwe kwenye hatua za mwanzo za majaribio ya dawa. Nia ilikuwa kulinda mimba. Mwongozo huo ulidumu hadi 1993.

Aliyeamua kupiga kelele ni Bernadine Healy, daktari wa moyo na mwanamke wa kwanza kuongoza Taasisi za Taifa za Afya za Marekani. Mwaka 1991 aliandika kuhusu kile alichokiita ugonjwa wa Yentl, kutokana na hadithi ya Isaac Bashevis Singer ya msichana aliyejivika mavazi ya kiume ili aruhusiwe kusoma dini. Hoja yake ni kwamba mwanamke ilibidi kwanza aonekane anaumwa kama mwanamume ndipo atibiwe sawa naye.

Baada ya hapo watu wakaanza kuwauliza wanawake wenyewe. Mwaka 2003 Jean McSweeney wa Arkansas na wenzake walichapisha majibu ya wanawake 515 waliopona mshtuko wa moyo. Asilimia 71 walisema kabla ya siku yenyewe walikuwa na uchovu usio wa kawaida. Karibu nusu walikuwa wakikosa usingizi. Na asilimia 43 hawakuumwa kifua kabisa wakati wa mshtuko wenyewe. Mwaka 2012 ukatoka uchambuzi wa wagonjwa zaidi ya milioni 1.1 wa Marekani: waliofika hospitali bila maumivu ya kifua walikuwa asilimia 42 ya wanawake na asilimia 31 ya wanaume. Waliofia hospitalini ni asilimia 14.6 ya wanawake na 10.3 ya wanaume.

Lakini tusiruke kutoka kosa moja kwenda jingine. Utafiti wa 2018 wa wagonjwa wenye umri wa miaka 55 kushuka chini ulikuta karibu 9 kati ya kila 10, wanawake kwa wanaume, walisikia maumivu au kubanwa kifua. Tofauti ni kwamba wanawake wengi zaidi walikuwa na dalili nyingine juu yake. Na kati ya waliokuwa wameshakwenda kutafuta tiba kabla, asilimia 53 ya wanawake walisema mhudumu hakudhani ni moyo. Kwa wanaume ilikuwa 37.

Kwa hiyo ndugu yangu, kifua kinabaki dalili namba moja. Ila kisipouma usitulie. Angalia pumzi inayokatika bila sababu, jasho la baridi, maumivu ya taya, shingo, mgongo, bega au mkono, kichefuchefu, maumivu ya chembe cha moyo, na uchovu ambao mtu mwenyewe anakuambia haujui. Ongeza umakini kama ana presha, kisukari, anavuta sigara, amekoma hedhi, au aliwahi kupata kifafa cha mimba. Mpeleke mara moja penye kipimo cha umeme wa moyo, na kama cha kwanza ni kizuri lakini bado anaumwa, ombeni kirudiwe pamoja na kipimo cha damu. Na ulizeni kwa sauti: "Daktari, inaweza kuwa moyo?"

Swali hilo sikuliuliza mimi siku ile. Nilikuwa jikoni natwanga tangawizi.