Kimo cha Meza: Reli, Mkonge na Korosho Jirani na Magindu

Kabla ya mita kufika, pwani yetu ilipima kwa mwili. Wanda ni upana wa kidole, dhiraa ni kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, pima ni mikono miwili iliyotanuliwa. Mpini wa jembe ulikatwa kwa kimo cha mwenye jembe. Mbuzi ya nazi nayo ina akili yake: uzito wa mkunaji ndio unaoishika, mikono yote miwili ikabaki huru. Sisemi migongo ya zamani haikuuma. Wahunzi wa Limbo, kusini mwa Dar es Salaam, ambako mwanaakiolojia Felix Chami alichimbua mabaki ya uyeyushaji wa chuma wa kale, hawakuvukuta wakiwa wameegemea viti. Ila aliyetengeneza chombo alimjua atakayekitumia. Mara nyingi alikuwa yeye mwenyewe.

Mita ilikuja na reli. Wajerumani walianza kuitandika reli ya kati Dar es Salaam mwaka 1905, na kufikia Desemba 1907 ilikuwa Morogoro, baada ya kuvuka mto Ruvu na kupita Magindu, mkoani Pwani. Upana wake ni mita moja kamili. Mataruma yalikuwa ya chuma, kwa kuwa mchwa wa huku hawana simile na mbao. Kuyatandika na kuyakaza kulitegemea mtaimbo, sululu na mabega ya gengi, na gengi likainama kwa kadiri reli ilivyotaka.

Magharibi ya Magindu, kuelekea Ngerengere, reli iliingia kwenye mkonge. Zao hilo lililetwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893: vichipukizi 1,000 vilisafirishwa kutoka Florida, 62 tu vikawa hai. Kuchuna singa kulianza kwa mashine ndogo ambayo mtu aliilisha jani kwa mkono, akalivuta, akaligeuza, akalilisha tena upande wa pili, vidole vikiwa karibu na pipa linalozunguka. Kisha ikaja korona, mashine kubwa inayoshika majani yenyewe na kuyapitisha kwenye mapipa yake. Mkono ukasogea mbali na hatari. Kwa kigezo chochote hilo lilikuwa chaguo jema la mtambo.

Lakini korona ina njaa. Singa ni sehemu ndogo mno ya uzito wa jani, kama asilimia 4. Kinachobaki ni maji na makapi. Ili iendelee kula, manamba shambani walikata na kufunga matita kutwa nzima, mgongo umepinda, wakihesabiwa siku kwa kipande cha kazi. Maumivu yalihama tu, kutoka vidole vya mchunaji hadi kiuno cha mkataji, na hakuna aliyeyaandika katika hesabu ya mashine.

Huko Ulaya elimu ya kulinganisha kazi na mwili wa anayeifanya ilishapata jina. Mpoland Wojciech Jastrzębowski aliunda neno ergonomia mwaka 1857, likasahaulika, hadi Hywel Murrell na wenzake walipounda chama chao Uingereza mwaka 1949. Tanganyika ilipata Sheria ya Viwanda mwaka 1950, na hangaiko lake kubwa lilikuwa kuziba magurudumu na mikanda inayozunguka. Mkono uliokatwa huonekana. Mgongo unaochakaa kwa miaka 20 hauonekani.

Kisa kinachonikera zaidi ni cha korosho. Ganda lake lina mafuta yanayounguza ngozi, na wabanguaji wa mkono hujipaka majivu au mafuta mengine kabla ya kukaa chini kuanza kazi. Serikali ilichagua kuruka hatua: kufikia miaka ya mwanzo ya 1980 nchi ilikuwa na viwanda 12 vya mitambo ya Kiitaliano na Kijapani, kimoja kikiwa Kibaha. Uwezo wake kwa pamoja ulizidi tani 110,000 kwa mwaka. Mavuno, yaliyofika tani 145,000 msimu wa 1973/74, yalikuwa yameanguka. 1986/87 hayakufika tani 17,000. Mitambo ikalala. Korosho zikapakiwa ghafi kwenda India, zikabanguliwe na wanawake waliokaa sakafuni. Kati ya mtambo wa mamilioni na sakafu tupu palikuwa na nafasi ya kitu cha kawaida: meza, kiti chenye mgongo, kikatio cha kanyagio. Wachache walikitafuta.

Sheria mpya ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ilitungwa mwaka 2003, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ukaanza mwaka 2015. Miaka miwili baadaye ujenzi wa reli ya kisasa ulianza, upana wa milimita 1,435. Taruma lake la zege lina zaidi ya kilo 200, basi hakuna aliyebishana kama linyanyuliwe na watu: uzito wenyewe ulichagua winchi.

Sasa Kwala, jirani na Magindu, pana bandari kavu iliyozinduliwa Julai 2025, na viwanda vinapangwa kuizunguka. Mnunuzi wa mtambo atauliza bei, umeme, vipuri na vipande kwa saa. Meza ya kazi nyepesi inatakiwa ikae chini kidogo ya kiwiko cha anayesimama hapo, na viwiko vya watu havilingani. Isiyopanda wala kushuka huja na dawa yake ya kienyeji: mfupi ataokota kreti tupu, aligeuze, asimame juu yake mpaka zamu iishe.