Teke la Mwepu na saa ya mwamuzi

Timu ikiongoza bao moja hapa Uvira na dakika zimebaki chache, mpira hauchezwi tena mbele. Unabutuliwa nje, na kama uwanja uko upande wa Ziwa Tanganyika, mtoto anatumwa kuufuata hadi kwenye mitumbwi ya ndagala, naye hana haraka yoyote. Kipa anainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikufunguka. Wote wanajua kinachoendelea, mwamuzi pia, na anayelalamika leo ndiye atakayefanya hivyo Jumapili ijayo.

Basi inashangaza kwamba teke mashuhuri kuliko yote la namna hii, lililopigwa na mtu wetu, limechekwa ulimwenguni kwa nusu karne kama kituko cha mtu asiyejua sheria.

Ilikuwa tarehe 22 Juni 1974, Gelsenkirchen, Ujerumani Magharibi. Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa wakati huo, timu ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kufika Kombe la Dunia, ilikuwa imefungwa 2-0 na Scotland, halafu 9-0 na Yugoslavia. Sasa ilikuwa zamu ya Brazil. Na Wazaire hawa hawakuwa watu wa kuokotwa njiani: mwezi Machi mwaka uleule walikuwa wamebeba Kombe la Afrika kule Misri, Ndaye Mulamba akifunga mabao 9 peke yake.

Dakika ya 85 hivi, Brazil wanapata mpira wa adhabu karibu na eneo la hatari. Filimbi inalia. Kabla Mbrazil yeyote hajaugusa, Ilunga Mwepu, beki mwenye jezi namba 2, anachomoka kwenye ukuta na kuubutua mpira hadi upande wa pili wa uwanja. Watazamaji wanacheka. Mwamuzi Nicolae Rainea wa Romania anatoa kadi ya njano.

Tazama sasa matokeo yalivyokuwa. Valdomiro wa Brazil alikuwa amefunga la tatu dakika ya 79. Brazil walihitaji tofauti ya mabao matatu ili waipite Scotland kwenye kundi, na walikwisha kuipata. Kwa Wazaire, hatari ilikuwa bao la nne. Mwepu alisimulia baadaye kwamba baada ya yale mabao tisa, watu wa Rais Mobutu waliwaonya: wakifungwa zaidi ya matatu na Brazil, wasirudi nyumbani. Aliwahi kusema pia kwamba alikuwa na hasira ya fedha ambazo hawakulipwa, na alitaka atolewe nje. Mimi sioni maelezo hayo mawili yakigombana. Beki wa bingwa wa Afrika alijua mpira wa adhabu hupigwa na nani.

Na sheria yenyewe ilimwachia mlango. Bei ya teke lile ilikuwa kadi ya njano na mpira kurudishwa mahali pake. Muda uliopotea ulikuwa mkononi mwa mwamuzi peke yake; hapakuwa na kibao cha kuonyesha dakika za nyongeza, hicho kilikuja Kombe la Dunia la mwaka 1998. Bao la nne halikuingia.

Tangu hapo mlango umezibwa kidogo kidogo. Mwaka 1992 kipa alikatazwa kudaka mpira aliorudishiwa kwa mguu na mwenzake. Kwenye Kombe la Dunia la Qatar, mwaka 2022, nyongeza ya dakika kumi au zaidi ilionekana mara kadhaa. Tangu mwaka 2025, kipa akishika mpira zaidi ya sekunde nane, wapinzani wanapewa kona.

Lakini saa bado iko kwa mwamuzi. Januari 2022, kwenye Kombe la Afrika huko Limbe, Kamerun, mwamuzi Janny Sikazwe wa Zambia, nchi ya ncha ya kusini ya ziwa letu hili, alimaliza mechi ya Mali na Tunisia dakika ya 85, akairudisha, kisha akaimaliza tena kabla ya 90 kutimia. Baadaye alisema joto kali lilimzidi. Mali, waliokuwa wakiongoza 1-0, hawakulazimika kupoteza hata sekunde moja.