Ndege Mbele ya Jua: Historia ya Kupima Mwanga kutoka Unguja hadi Kimara

Kumpiga picha ndege aliye kati ya kamera na jua ni kazi iliyowasumbua wapiga picha tangu ufundi huu ulipoanza, na sababu yake si uhaba wa mwanga bali ni mwanga mwingi unaotoka upande usiotakiwa. Kimara, kitongoji cha vilima kilicho magharibi mwa Dar es Salaam kando ya Barabara ya Morogoro, ambacho kabla ya kuundwa kwa Wilaya ya Ubungo kilihesabiwa katika Kinondoni, kinaizidishia kazi hiyo ugumu kwa hali yake ya mahali. Kiko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, hivyo jua la adhuhuri husimama juu sana mwaka mzima na hupita utosini kabisa mwanzoni mwa Machi na tena katika nusu ya kwanza ya Oktoba. Unyevu wa pwani huifanya anga iwe nyeupe kwa siku nyingi badala ya kuwa buluu. Na ndege wa mjini, wakiwamo kunguru, mwewe na mbayuwayu, hutua juu ya nyaya, nguzo na vilele vya minazi, ambako nyuma yao hakuna kitu ila anga hiyo nyeupe. Anayeanza kujifunza kamera katika mazingira hayo hukutana mapema na swali ambalo vizazi vya wapiga picha wa Afrika Mashariki vimelijibu kila kimoja kwa zana za wakati wake, nalo ni swali la nani anayeamua kwamba mandhari fulani ndiyo ya kawaida na nyingine zote zipimwe kwayo.

Kiasi cha mwanga kinachoijenga picha hutegemea mambo matatu. La kwanza ni upana wa tundu la lenzi, ambao huandikwa kwa namba zenye herufi f, na namba ikiwa ndogo tundu huwa pana. La pili ni muda ambao shata, yaani pazia lililo ndani ya kamera, hukaa wazi, nao kwa ndege huwa ni sehemu ndogo sana ya sekunde. La tatu ni wepesi wa filamu au wa kihisi cha kidijitali katika kupokea mwanga, ambao zamani ulipimwa kwa namba za ASA na sasa hupimwa kwa ISO. Mabadiliko ya mwanga huhesabiwa kwa hatua, na kila hatua moja huongeza mwanga mara mbili au kuupunguza kwa nusu, kiasi kwamba anayefungua tundu kwa hatua mbili huingiza mwanga mara nne ya ule wa awali.

Tatizo la mwanga wa nyuma lilikuwa limekwisha kujulikana pwani kabla ya upigaji picha wa ndege kuenea. Studio za Unguja za nusu ya pili ya karne ya 19, ambazo kati yake ile ya A. C. Gomes, mwenye asili ya Goa, ilipata sifa kubwa, zilifanya kazi kwa bamba za kioo na mwanga wa jua, na baadhi ya wateja wao walikuwa watu wenye ngozi nyeusi waliovaa kanzu nyeupe. Fundi aliyepima mwanga kwa ajili ya kanzu aliupoteza uso gizani, na aliyepima kwa ajili ya uso aliiunguza kanzu ikawa doa jeupe lisilo na mikunjo wala darizi. Hali hiyo haina tofauti yoyote ya msingi na ile ya kunguru mbele ya wingu, isipokuwa kwamba mteja wa studio alikubali kusogezwa na kuketishwa upande wa dirisha, akiwekewa nyuma yake pazia lililopakwa rangi ya wastani, na negativu yake, yaani bamba lenye picha iliyogeuzwa weusi na weupe, iliweza baadaye kurekebishwa katika chumba cha giza kwa fundi kuuzuia mwanga kwa kiganja usifike sehemu ya uso wakati picha inachapishwa. Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza huko Mji Mkongwe mwaka 1930, ilirithi mapokeo hayo. Ujuzi wa kuushika weusi na weupe katika picha moja, basi, umekuwapo Unguja kwa zaidi ya karne moja.

Upande wa bara, utawala wa Kijerumani ulileta wapiga picha wa aina nyingine. Walther Dobbertin na C. Vincenti waliendesha biashara zao Dar es Salaam, na picha zao za mitaa, bandari na majengo zilisambazwa kama kadi za posta. Wakati huohuo Carl Georg Schillings, mwindaji aliyegeuka kuwa mtetezi wa wanyama, alizunguka katika nyika za kaskazini akiwapiga picha wanyama usiku kwa unga wa magnesi uliowaka ghafla, mara nyingi mnyama mwenyewe akiufyatua mtambo kwa kugusa kamba. Kitabu chake kilichotolewa Leipzig mwaka 1905 kilisomwa sana Ulaya. Umuhimu wake katika historia hii ni kwamba aliikwepa shida ya jua kwa kujitengenezea jua lake mwenyewe, lililotoka upande wa kamera na ambalo nguvu yake ilijulikana mapema. Njia hiyo ilimfaa chui anayekunywa maji umbali wa hatua chache, lakini haikuwa na msaada kwa ndege aliye juu ya mti mchana. Kwa miaka mingi upigaji picha wa ndege ulibaki kuwa upigaji picha wa viota, kama walivyofanya ndugu Richard na Cherry Kearton kule Uingereza tangu mwaka 1892, kwa sababu kiota hakiruki na mpiga picha huweza kujificha karibu nacho akichagua upande wa jua.

Waliotaka kuupima mwanga wa mchana kwa hesabu walitegemea majedwali. Ferdinand Hurter na Vero Driffield, wanasayansi waliofanya kazi Widnes, Uingereza, walitengeneza mwaka 1888 chombo cha kukokotoa muda wa shata kwa kuzingatia tarehe, saa na latitudo ya mahali, na miaka miwili baadaye wakatoa utafiti uliouweka uhusiano wa mwanga na weusi wa negativu katika misingi ya kisayansi. Kuingizwa kwa latitudo katika hesabu kulikuwa ni kukiri kwamba jua la Widnes si jua la Unguja. Majedwali yaliyowafikia watu wa kawaida, hata hivyo, yalikuwa karatasi ndogo zilizofungwa pamoja na mkanda wa filamu wa Kodak, ambazo ziliweka vielelezo vya jua kali, jua hafifu, mawingu na kivuli, kila kimoja na namba yake ya tundu. Kielelezo cha mwanga mkali kuliko wote kilitaja mchanga mweupe na theluji. Theluji haikumhusu mnunuzi wa Kariakoo, bali mchanga wa Kigamboni ulimhusu sana. Kutokana na majedwali ya namna hiyo kuna kanuni ambayo wapiga picha bado huikariri: chini ya jua kali tundu liwe f/16 na muda wa shata uwe sekunde moja iliyogawanywa kwa namba ya wepesi wa filamu. Karatasi hizo ziliongeza pia, kwa maandishi madogo, kwamba mtu au kitu cha karibu kilicholipa jua mgongo kifunguliwe tundu kwa hatua mbili zaidi.

Hatua hizo mbili ndizo zilizomnyima mpiga picha wa ndege usingizi. Kodachrome 64, filamu ya rangi iliyotoka mwaka 1974 na ambayo wapiga picha wengi wa wanyama waliiamini, chini ya jua kali na kwa tundu la f/5.6, ambalo ndilo pana kabisa katika lenzi nyingi ndefu za wakati huo, iliruhusu shata ya 1/500 ya sekunde, kasi inayoweza kumsimamisha mwewe anayeelea. Ndege huyohuyo akiwa mbele ya jua, na mpiga picha akitaka kuuona unyoya wa tumbo lake, shata ililazimika kushuka hadi 1/125, na kwa kasi hiyo mabawa huwa ukungu. Kwa hiyo wingi wa ndege weusi watupu mbele ya machweo katika vitabu na kalenda za karne ya 20 haukutokana na ladha peke yake. Kemia ya filamu haikuacha njia nyingi, na ladha ikafuata kilichowezekana. Picha zilizoingia katika sayansi zilipatikana kwa urahisi zaidi pale ndege alipokuwa hana anga nyuma yake, mfano wake ukiwa kazi ya Hugo van Lawick na Jane Goodall, ambao mwaka 1966 walitangaza katika jarida la Nature kwamba tai wa jamii moja kaskazini mwa Tanzania hutumia mawe kuvunja mayai ya mbuni. Tai hao walikuwa ardhini, na ardhi haina mng'ao wa anga.

Kipima mwanga cha umeme kilianza kuuzwa kwa wapiga picha mwanzoni mwa miaka ya 1930, na mwaka 1963 kampuni ya Topcon ya Japani ilitoa kamera iliyopima mwanga unaopita ndani ya lenzi yenyewe. Ni mwaka huohuo Mohamed Amin, kijana aliyejifunza kamera Dar es Salaam, alipoanzisha Camerapix katika jiji hilo. Kipima mwanga hakitambui kitu kinachoangaliwa. Kimetengenezwa kwa dhana kwamba mandhari yoyote, ikichanganywa pamoja, hutoa kijivu cha wastani, ambacho kwa desturi hulinganishwa na karatasi inayoakisi asilimia 18 ya mwanga. Kikiona anga nyeupe ya Kimara imejaa katika fremu, hukipunguza kiasi cha mwanga mpaka anga iwe kijivu, na ndege, ambaye ni sehemu ndogo ya fremu, hutumbukia katika weusi. Yangeyange mbele ya kichaka chenye giza hupata kinyume chake, naye huungua. Kinachoitwa kosa la mwanafunzi, basi, ni utii wake kwa mashine iliyofuata kanuni yake sawasawa. Kipimo cha doa, kinachosoma sehemu ndogo tu ya fremu, na kitufe cha kuongeza au kupunguza mwanga kwa hatua, vyote vilibuniwa ili kumrudishia binadamu uamuzi ambao kipima mwanga kilikuwa kimeuchukua.

Tanzania ya mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980, iliyobanwa na uhaba wa fedha za kigeni, haikuwa mahali pa kujaribu hatua moja juu na moja chini. Mkanda wa picha 36 ulipatikana kwa shida, na aliyepiga hakujua matokeo mpaka uliposafishwa. Kulegezwa kwa masharti ya uagizaji bidhaa kuanzia mwaka 1984 kuliongeza mikanda madukani, lakini ni kamera ya kidijitali iliyoondoa gharama ya kukosea, kwa kumwonyesha mpiga picha papo hapo chati inayogawa mwanga wa picha kutoka weusi hadi weupe. Chati iliyoegemea ukuta wa kulia huonyesha kwamba anga imeungua, na anayemlenga ndege aliyelipa jua mgongo huamua kwa makusudi kama atakubali hasara hiyo. Kwa ISO 800, hesabu iliyoikwamisha Kodachrome sasa hutoa takribani 1/1600 ya sekunde kwa tundu lilelile la f/5.6, pamoja na hatua mbili za nyongeza.

Kimara yenyewe imebadilika katika kipindi hicho. Dar es Salaam, ambayo katika sensa ya mwaka 1967 ilikuwa na watu wasiofika laki tatu, ilihesabiwa kuwa na zaidi ya milioni 5.3 mwaka 2022. Mabasi ya mwendokasi yalianza kufika Kimara Mwisho mwaka 2016, na mwaka uliofuata majengo ya kando ya barabara yalibomolewa kupisha upanuzi wa njia ya kwenda Kibaha, jambo lililoiacha anga ya upande wa Mbezi wazi kwa anayeitazama jioni jua linapotua. Ndege aliyeneemeka na ukuaji wa jiji ni kunguru wa India, aliyeletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 na baadaye akaenea bara, ambako anashindania chakula na ndege wenyeji na kula mayai na makinda yao. Kampeni za kumpunguza kwa sumu zilifanyika Zanzibar tangu miaka ya 1990, na Dar es Salaam baadaye. Alama zinazomtofautisha na kunguru mwenyeji ziko katika rangi, kwa kuwa yeye ana shingo ya kijivu na mwenyeji ana kifua na ukosi mweupe. Picha iliyopigwa kwa kipimo cha kamera peke yake, ndege akiwa juu ya waya saa kumi na moja jioni, hukimeza kijivu hicho ndani ya weusi mmoja na kuuchafua weupe huo, na yeyote anayetaka picha yake itumike katika kuhesabu kunguru hao, badala ya kupamba ukuta, hulazimika kuongeza hatua moja na nusu au mbili na kuiacha anga iungue.