Sindano, Mmea na Gome: Tiba ya Kichina na Malaria ya Butembo

Katika milima ya Butembo na Lubero, Kivu ya Kaskazini, wakulima Wanande wamepanda kwa miongo mingi mti wa kwinini, ambao huko huitwa kinkina. Asili ya mti huo ni milima ya Andes, na uliingizwa Kivu zama za utawala wa Wabelgiji. Japani ilipoiteka Java mwaka 1942, nchi za Magharibi zilipoteza chimbuko lao kuu la gome hilo, na mashamba ya Kongo yakapata umuhimu mpya. Tangu hapo gome la kwinini limekuwa dawa na vilevile riziki.

Mshindani wake alitoka Uchina. Tarehe 23 Mei 1967, serikali ya nchi hiyo ilianzisha Mradi 523 ili kuwasaidia wanajeshi wa Vietnam ya Kaskazini, waliokuwa wakiangamizwa na malaria isiyosikia klorokwini. Matawi yote mawili makuu ya tiba ya jadi ya Kichina yalishirikishwa: dawa za mitishamba, na tiba ya kuchoma sindano nyembamba katika sehemu maalumu za mwili.

Kundi la sindano liliongozwa na Li Guoqiao, tabibu wa Guangzhou. Alijiambukiza malaria kwa makusudi ili aipime tiba hiyo katika mwili wake mwenyewe. Sindano hazikuwashinda vimelea. Li hakuitetea fani yake kwa maneno. Aliiacha njia hiyo akageukia majaribio ya dawa kwa wagonjwa.

Kwa upande wa mitishamba, Tu Youyou wa Beijing alipekua maandiko ya kale. Katika kitabu cha Ge Hong cha karne ya 4 alikuta maelekezo ya kuloweka qinghao, mmea wa jamii ya pakanga, katika maji, kisha kuukamua na kunywa utomvu wake. Hapakutajwa kuchemsha. Tu alihisi kwamba moto ndio uliokuwa ukiiharibu dawa, akatumia etha, ambayo huchemka kwa joto dogo. Mwaka 1971 dawa hiyo iliwaponya panya wa maabara. Mwaka 1972 yeye na wenzake waliinywa kabla ya kuwapa wagonjwa. Hivyo ndivyo ilivyopatikana artemisinini, iliyompatia Tu Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Pambano la mmea na gome liliamuliwa Afrika. Watoto 5,425 waliolazwa kwa malaria kali katika nchi 9, zikiwemo Kongo, Uganda, Rwanda na Tanzania, walitibiwa ama kwa kwinini ama kwa artesuneti, dawa itokanayo na artemisinini. Matokeo yalitangazwa mwaka 2010: katika kila watoto 100 waliopewa kwinini walifariki 10.9, kwa artesuneti walifariki 8.5. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza artesuneti kwa watoto wenye malaria kali badala ya kwinini. Mkulima wa kinkina hivyo alipoteza sehemu ya soko lake kwa sababu ambayo, kama mzazi, hakuweza kuilaumu. Gome lake bado hutakiwa, aghalabu kwa vinywaji na dawa ya moyo.

Ni dhahiri, basi, kwamba mpaka uwekwao baina ya tiba ya jadi na ya kisasa haukutenganisha dawa hizi mbili. Zote ni mimea iliyorithiwa kwa wahenga. Na ukale uleule haukuiokoa sindano. Kilichotofautisha ni kipimo. Aidha, kipimo hakina mwisho: tangu mwaka 2020 wataalamu wameripoti Rwanda, na baadaye Uganda, vimelea vinavyoanza kuihimili artemisinini. Nchi hizo zinapakana na Kivu ya Kaskazini. Dawa iliyolishinda gome la Butembo nayo sasa imo mizanini.