Kombe la Sabuni na Ubishi Wetu



Kila tukutanapo hapa Skärholmen, biriani haijapakuliwa, huzuka ubishi ule ule baina ya jamaa wa Mombasa na sisi wa Unguja: nani hodari wa kandanda? Vijana wetu waliozaliwa Sweden hudhani ni mzaha wa wazee. La, jambo hili lina historia, na kamati imeniomba niiandike.

Asili yake ni sabuni. William Gossage alikuwa mtengenezaji sabuni wa Widnes, Uingereza, aliyefariki mwaka 1877. Kampuni iliyobaki na jina lake ndiyo iliyotoa kombe, likaanza kugombaniwa mwaka 1926 na Kenya na Uganda. Mchezo wa kwanza, mjini Nairobi, uliisha sare. Ukarudiwa, Kenya ikalichukua. Kwa karibu miaka 20 nchi hizo mbili zilicheza peke yao. Tanganyika iliingia mwaka 1945, na Zanzibar mwaka 1949. Tanganyika haikukawia: ilishinda miaka mitatu mfululizo, 1949 hadi 1951. Sisi hatukuligusa kamwe, mpaka Kombe la Gossage lilipokoma na kufuatiwa na Kombe la Chalenji mwaka 1967. Babu yetu wa Mombasa alikuwa akisema kwamba Waunguja hawahitaji kombe la sabuni, kwani wana bahari ya kuogea. Mzaha huo ulituuma zaidi ya alivyojua.

Ndipo ukaja mwaka 1995. Zanzibar iliifunga Uganda 1-0 katika fainali, huko huko Kampala. Ulikuwa pia mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi visiwani tangu Mapinduzi, na ndugu wa tumbo moja walikuwa hawaamkiani. Nyumba yetu haikusalimika. Mimi nilikuwa mtumishi wa Serikali. Marehemu kaka yangu alikuwa upande wa pili, na tulikuwa tumeacha kusemezana. Siku ya fainali akabisha hodi, redio kwapani, akauliza kama ninazo betri. Nikampa. Tukakaa barazani tukasikiliza hadi kipyenga cha mwisho, akanikumbatia, akaenda zake. Habari za uchaguzi hatukuzitaja siku ile, wala siku nyingine yoyote.

Mwaka 2017 wengi wenu mnaukumbuka. Mwezi Machi, Zanzibar ilikubaliwa kuwa mwanachama kamili wa Shirikisho la Kandanda la Afrika; mwezi Julai ikaondolewa, kwa hoja kwamba si nchi inayojitegemea. Mwezi Desemba timu hiyo hiyo ikafika fainali ya Chalenji mjini Machakos, dhidi ya Kenya. Sare ya 2-2, kisha penalti, Kenya 3, Zanzibar 2. Tuliitazama sebuleni kwangu, pande zote mbili juu ya makochi yale yale, na binamu zetu wa Mombasa walishangilia mpaka jirani akagonga ukuta. Sijawasamehe.

Mwaka huu basi, Jumamosi saa tisa alasiri, Mombasa itacheza na Unguja. Kombe ni buli la chai la marehemu bibi (wa Mombasa watasema nyanya). Lina ufa ubavuni. Watakaolishinda wasilitie maji ya moto.