Moto wa Buhaya na Elimu ya Mkono

Mwaka 1976, huko Buhaya, magharibi mwa Ziwa Viktoria, wazee walikubali kujenga tena tanuri la kuyeyushia chuma mbele ya mwanaakiolojia Peter Schmidt. Kazi hiyo ilikuwa imekufa miongo kadhaa nyuma, chuma cha Ulaya kilipojaa sokoni kwa bei nafuu. Wazee walikumbuka mengi: udongo wa kichuguu, matete ya bwawani ya kuchomwa ndani ya tanuri, mivukuto, na mirija ya udongo iliyosukumwa ndani sana ili hewa ipate moto kabla ya kufikia makaa. Hata hivyo majaribio ya mwanzo hayakufaulu. Iliwabidi wabomoe, warekebishe na kuvukuta upya, hadi chuma kikapatikana. Kwangu huu ni ushahidi mzito kwamba ufundi wa chuma, tangu tanuri hadi kisu, haukai katika kumbukumbu peke yake. Na kisu kilidai zaidi. Bonge lililotoka tanurini lilichanganyika na mavi ya chuma, huku likiwa gumu, kule laini. Mhunzi alilazimika kulisikiliza chini ya nyundo na kuamua ni kipande gani kitashika makali.

Wapo watakaosema kwamba leo vipo vipimajoto na vitabu, na kwamba sumaku huacha kuvuta chuma kikifika nyuzi 770 hivi za Selsiasi, hivyo uanagenzi wa mkono hauhitajiki tena. Vipimo hivyo ni vya kweli, na sayansi hiyo naithamini. Lakini hata Schmidt na mwenzake Donald Avery, mtaalamu wa metali, walihitaji kwanza tanuri lililowashwa na mikono ya wazee ndipo wapate cha kupima. Pingamizi la pili lina uzito zaidi: kwamba uanagenzi ulikuwa njia ya koo za wahunzi, kama Washana wa Ugweno huko Upare, kulinda riziki yao. Nakubali, na wengi walinyimwa ujuzi bila haki. Lakini siri ya ukoo inaeleza nani aliruhusiwa kuingia kiwandani. Haielezi kwa nini hata mtoto wa ukoo, asiyefichwa lolote, alihitaji muda mrefu kwenye mvukuto kabla ya kukabidhiwa nyundo. Hata leo ni hivyo hivyo: mhunzi anayefua visu kwa springi za magari hajui springi hizo zilitengenezwa kwa mchanganyiko gani. Hukata kipande, hukichoma, hukizamisha kwenye mafuta, kisha hukivunja na kutazama chembe zake. Zikiwa kubwa, moto ulizidi.